Do Huhama: Darasa la Kwaya Kule Mabawe

Mwanachuo mwenzangu, ukisikia neno kwaya pengine unaona ibada ya Jumapili, sare za kitenge na video ya watu wanaoyumba pamoja kando ya ziwa. Hayo ni matokeo. Mimi nataka kuzungumzia kazi inayotangulia, yaani mazoezi. Kule nilikozaliwa, kata ya Mabawe wilayani Ngara, mazoezi ya kwaya ndiyo darasa pekee nililowahi kuona linalompokea mzee wa miaka 60 na kijana aliyemaliza la saba mwaka jana, wakakaa benchi moja, wakafundishwa kitu kilekile bila ada na bila cheti. Darasa hilo sasa liko mashakani. Nitasema kwa nini, ila kwanza inabidi nieleze linavyofanya kazi, maana wengi wetu hapa chuoni tumeimba miaka kumi kwa kukariri tu.

Kwaya yenyewe si ya kanisa moja. Ngara Waanglikana wana mizizi yao Murgwanza, Wakatoliki wana Rulenge, na katikati wamo Wapentekoste na Wasabato. Kila upande una kitabu chake cha nyimbo. Jumapili hakuna tatizo. Tatizo huja msibani, kwa sababu msiba hauna dhehebu. Wimbo unaanzishwa, tuni ni moja, lakini huku wanaimba maneno haya na kule maneno yale, na kwenye kiitikio kila mtu anashukia kituo chake. Wazee wachache walichoshwa na hali hiyo wakamwomba mwalimu mmoja mstaafu wa shule ya msingi awafundishe wote pamoja. Sasa wanakutana Jumatano na Jumamosi saa kumi jioni kwenye darasa la kuazima. Wanafika 20, siku nzuri wanafika 35, kutegemea mvua na kazi ya shamba. Wanaimba misibani, harusini, na Mwenge ukipita nao wanaitwa.

Vifaa vya darasa ni ubao na chaki. Mwalimu anaandika herufi saba: d, r, m, f, s, l, t. Kila mtu anajua do re mi, lakini wachache wanajua maana yake. Herufi hizi hazitaji sauti fulani ya kudumu kama kitufe cha kinanda. Zinataja uhusiano. Do ni nyumbani, na so ni nyumba ya tano ukihesabu kutoka nyumbani. Mwalimu akiona akina mama wa sauti ya kwanza wanakwaruza koo kule juu, anashusha do kidogo, na nyumba nyingine zote zinashuka nayo. Ubaoni hafuti hata herufi moja. Ndiyo maana kwetu tunasema do huhama. Noti za mistari mitano ni nzuri, sina ugomvi nazo, lakini zinamtaka mtu ajue ufunguo, alama za kupandisha na alama za kushusha kabla hajafungua mdomo. Mkulima aliyetoka shambani saa tisa hana muda huo.

Mfumo huu haukubuniwa kwa ajili ya maprofesa. Aliyeanza ni mwanamke, Sarah Glover, mwalimu wa mji wa Norwich, Uingereza, aliyetaka watoto wajifunze kuimba haraka. Mwaka 1841 mchungaji mmoja kijana, John Curwen, aliombwa atafute njia rahisi ya kufundishia nyimbo katika shule za Jumapili. Yeye mwenyewe hakuwa amesomea muziki, na nadhani hilo lilimsaidia. Alichukua njia ya Glover, akairekebisha, akaisambaza kwa watu wa kawaida wasio na kinanda nyumbani. Faida moja ilikuwa ya kibiashara kabisa: herufi za kawaida zinachapwa na mtambo wowote wa kuchapia, hazihitaji mafundi wa kuchonga noti. Kwa sababu hiyo wamisionari wakazibeba hadi Afrika, na Afrika ikazipokea kuliko walivyotarajia.

Ukitaka ushahidi, simama wima. Mwaka 1897 karibu na Johannesburg, mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya aitwaye Enoch Sontonga alitunga wimbo akauandika kwa herufi hizihizi. Tuni yake ndiyo tunayoiimba katika Mungu Ibariki Afrika tangu Uhuru wa 1961. Kwa hiyo kila mwanachuo aliyewahi kusimama mstarini asubuhi shuleni ameimba wimbo wa kwaya ulioandikwa kwa sol-fa, hata kama anajiona si mtu wa kwaya.

Sasa, herufi zinamfaa anayesoma. Je, asiyesoma? Hapa kuna alama za mikono za Curwen, ambazo mwalimu wetu anazipenda kuliko chaki. Do ni ngumi, imara kama jiwe la msingi. Mi ni kiganja kilicholala bapa. Ti ni kidole kinachoonyesha juu, kwa sababu ti haitulii, inataka kupanda kwa do ya juu kama mtoto aliyeona mlango wazi. Fa ni dole gumba linaloelekea chini, kwa kuwa fa huvutwa kurudi kwenye mi. Mama mmoja wa sauti ya pili, ambaye kusoma kunampa taabu, hufuata mkono wa mwalimu bila kukosea, wakati mimi mwenye kitambulisho cha chuo namezea mate fa.

Hiyo fa si jambo dogo. Kati ya mi na fa, na kati ya ti na do, hatua ni nusu ya hatua nyingine. Nyimbo nyingi za asili za ukanda wetu wa maziwa makuu hutumia sauti tano, na hizo hatua nyembamba hazina nafasi kubwa humo. Mtu aliyelelewa na nyimbo hizo akikutana na fa anaipandisha juu mno, na ti anaiacha chini. Mgeni anayesikia atasema huyu hana sikio. Sikio analo, tena zuri, limezoea ngazi nyingine tu. Mwalimu akilijua hilo anafundisha d r m s l kwa wiki kadhaa, halafu anaingiza fa na ti kama wageni wawili, mmoja mmoja. Asiyelijua anawakatisha tamaa watu wazima siku ya kwanza, na mtu mzima akishaaibishwa mbele za watu harudi. Kijana utamtania na kesho atakuja. Baba wa watoto sita harudi ng'o.

Kwa wanaume kuna jambo jingine la kueleza, maana ndilo huwafukuza wengi. Sauti ya la ambayo vyombo vingi hupimiwa ina mitetemo 440 kwa sekunde. Mwanamke akiiimba hiyo, mwanamume atakayeitikia vizuri kwa kawaida anaimba mitetemo 220, nusu yake kamili, na sikio linazisikia kama sauti moja. Mwanamume mgeni hajui hilo. Anajaribu kuifikia sauti ya mwanamke palepale ilipo, koo linakauka, anatangaza kwamba Mungu hakumpa kipaji. Dawa yake ni kumfundisha kwa kumsikilizisha mwanamume mwenzake. Dakika kumi zinatosha. Watu ambao kweli ubongo wao hautofautishi sauti wapo, lakini ni asilimia ndogo sana. Waliobaki hawajafundishwa tu.

Mapigo nayo yana alama zake. Mstari wima hutangulia pigo zito, nukta mbili hutenganisha pigo na pigo, kistari kinasema endelea kushikilia. Darasani kwetu pigo zito linaitwa jembe. "Jembe liko wapi?" mwalimu anauliza, na benchi zima linaonyesha silabi. Watu waliolima pamoja kwa kuitikizana hawana shida ya kufika chini kwa wakati mmoja. Sijasikia mhadhara wa muziki uliolieleza pigo vizuri kuliko hivyo.

Silabi ndiyo inayonileta kwenye Kiswahili. Lugha yetu huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kuna maneno ambayo mkazo ukihama maana inahama. Tamka barabara ya kupita magari, kisha tamka barabara ya "sawasawa kabisa". Umesikia? Nyimbo nyingi za zamani zilitafsiriwa kutoka Kijerumani au Kiingereza kwa kuhesabu silabi tu, mkazo ukaachwa uangukie popote. Jembe likashuka kwenye silabi isiyostahili, na maneno yakawa kama yanasemwa na mgeni aliyefika jana. Padre Stephen Mbunga, msomi wa muziki wa hapa nyumbani, alichapisha kitabu kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu mwaka 1963, mwaka uleule ambao Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifungua mlango mpana zaidi kwa lugha za wenyeji katika ibada. Watunzi Watanzania waliofuata wakaanza na maneno ndipo wakatafuta tuni. Kihangaza, lugha ya nyumbani kwetu, kina mtego zaidi, kwa sababu kama ndugu yake Kirundi ni lugha ya toni: sauti ikipanda mahali pasipo pake neno linageuka. Ndiyo maana mwalimu, kabla ya kufundisha wimbo wa Kihangaza, anawaambia bibi wawili waseme tu maneno yake, bila kuimba, na yeye anachora mlima na bonde ubaoni.

Wimbo mpya unajengwa kuanzia chini. Sauti ya nne, yaani besi, ndiyo ya kwanza kufundishwa kwa herufi tupu, kisha ya kwanza, na hizo mbili zinaimbwa pamoja hadi zisimame. Ndipo inaingia ya pili, na mwisho ya tatu, ambayo hupita katikati kama mtu anayetafuta kiti kwenye basi lililojaa. Maneno hayagusiwi hadi herufi zimeshika. Kijana mwenye simu janja anarekodi kila sauti peke yake na kuituma kwenye kundi la WhatsApp, wenye vitochi wanasikiliza kwa jirani. Wimbo wa beti tatu huchukua mazoezi manne hivi. Kwaya inayokariri kutoka kwenye video huweza kumaliza kwa siku moja, hilo nakiri, lakini mwezi ukipita bila kuuimba, besi wote wamehamia sauti ya kwanza.

Ujuzi huu haukufika Mabawe kwa mlango mmoja. Wengine waliupata shuleni, wengine kanisani. Mama mmoja wetu aliupata mahali ambapo usingetarajia. Mwishoni mwa Aprili 1994 zaidi ya watu laki mbili walivuka kutoka Rwanda kupitia Rusumo kwa muda wa siku mbili hivi, na Benaco, hapo Ngara, ikawa moja ya kambi kubwa za wakimbizi duniani. Mwaka uliofuata Radio Kwizera ilianzishwa Ngara na shirika la Wajesuiti linalohudumia wakimbizi. Wazazi wetu wanakumbuka miti iliyokatwa na visima vilivyokauka, na wana haki. Huyu mama anakumbuka pia mwanamume aliyefundisha kwaya chini ya turubai, aliyemwonyesha do ya ngumi. Hajui aliishia wapi.

Kwa mtu mzima, kujifunza kitu kipya mbele za wengine si jambo jepesi, na nchi hii iliwahi kulichukulia kwa uzito. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya 1973 ilikusanya watu wapatao milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza na kujadili. Vikundi hivyo havipo tena vijijini. Kilichobaki, nikiangalia kwetu, ni vikoba na kwaya. Na kwaya ina kitu ambacho vikoba havina. Watafiti wa Oxford walichapisha mwaka 2015 matokeo ya kuwafuatilia watu wazima waliojiunga na madarasa mbalimbali, ya kuimba, ya kazi za mikono na ya uandishi. Baada ya miezi saba madarasa yote yalikuwa yamejenga ukaribu, lakini waimbaji waliuanza mapema kuliko wengine. Kuimba huvunja ukimya haraka. Mahali ambapo mtoto wa mtu hamsalimii baba wa rafiki yake zaidi ya shikamoo, kumsikia kijana huyo akimwambia mzee, "Baba, tuchukue pumzi hapa kwenye mstari," na mzee akakubali, si kitu kidogo.

Shida sasa. Sauti ya tatu imebaki na watu wawili. Tena ni sauti ya vijana kwa kiasi kikubwa, na vijana wa kiume wakishapata nauli wanakwenda Kahama, Mwanza, au kufuata kazi Kabanga ambako nikeli inazungumzwa kila mwaka. Wimbo wa sauti nne bila ya tatu ni kama meza ya miguu mitatu iliyotengenezwa kwa minne. Mwalimu amejaribu kuwapandisha akina mama wawili wenye sauti nzito waimbe tena. Inafaa, lakini sauti ya pili nayo imepungua.

Hapo ndipo lilipozuka pendekezo. Baadhi ya wanachama, wengi wao wenzangu kiumri, wanataka kwaya ichange inunue kinanda cha umeme, spika na betri ya sola, ifungulie muziki uliorekodiwa na kuimba juu yake, kisha irekodi albamu. Sare mpya ndani. Hoja yao si ya kijinga. Wanasema vijana hawatavutwa na ubao na chaki, wanavutwa na kile wanachokiona kwenye simu, na tena walio pungufu ni vijana. Wanasema muziki wa kufungulia utaziba pengo la sauti ya tatu, na ni kweli utaziba.

Mimi napinga, na nimewaambia. Mchango unaotajwa utawatoa wazee na wajane kwanza, kwa sababu kila mwanachama atatakiwa alipe sawa. Sare peke yake iliwahi kuwatoa watu watatu, wakasema wanaumwa. Halafu muziki wa kufungulia hauhami. Do yake imefungwa pale ilipofungwa studio, na mama aliyeamka na mafua atapanda huko huko au atafungua mdomo bila kutoa sauti. Na spika ikishaziba pengo la sauti ya tatu, hakuna atakayejisumbua kumfundisha kijana mmoja wa form two kuiimba. Hela hizohizo zingetoa fotokopi za noti kwa miaka. Kwetu karatasi moja ni shilingi mia.

Mwalimu ana pendekezo lake, la taratibu zaidi: Jumamosi saa tisa, saa moja kabla ya wakubwa, wawepo wavulana wa sekondari ambao sauti zao zimeshavunjika, wafundishwe d r m s l tu. Watano wakibaki baada ya muhula, sauti ya tatu imepona. Kinachokosekana ni mtu wa kuwafundisha, kwa kuwa yeye mwenyewe ana umri wa kupumzika na magoti hayamruhusu kusimama saa tatu.

Na hapa nawageukia ninyi. Kwenye kampasi hii kuna watu wanaoimba sauti ya tatu vizuri kabisa, wako TMCS, USCF, TUCASA, CASFETA, na wengine wanaimba bafuni hosteli ya pili hadi majirani wanagonga ukuta. Likizo ndefu tunakaa nyumbani wiki nyingi tukisubiri bumu na matokeo. Kwaya ya namna hii haipo Mabawe peke yake, na nyingi hazitangazwi popote. Unaiulizia kwa mama muuza maandazi, anakuelekeza. Usiende na kinanda. Nenda na daftari la noti ulizokwisha kuziimba hapa, zilizoandikwa kwa herufi, na subira ya kurudia fa mara ishirini. Wakikuita msomi, itika, halafu kaa benchi la sauti yako.

Kikao cha kuamua kuhusu kinanda kimewekwa baada ya mavuno ya maharage. Nikihesabu majina ninayoyajua, kura zinakaribiana. Mimi nitakuwa nimefika nyumbani siku tisa kabla, na nimeshaomba lile darasa la saa tisa.